Daftari lina miti elfu, shamba lina mia tatu: kutafuta tatizo kwenye miti ya kaboni

Simu ninazopigiwa kuhusu miti ya kaboni, yaani miti inayopandwa ili hewa ukaa inayomezwa nayo ipimwe kwa tani na kuuzwa, huja katika nyakati mbili. Za kwanza huja Agosti na Septemba, miche ikiwa imekauka. Za pili huja baada ya uhakiki, mkaguzi akiwa ameshapita na tani zimetoka chache kuliko zilizoahidiwa. Wa kwanza hulaumu jua, wa pili humlaumu mkaguzi. Ukichimba, mara nyingi unakuta ni tatizo moja, nalo lilizaliwa siku ya kupanda: mtu alihesabu mashimo, akaandika "miti".

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa maneno ambayo wenye mashamba wenyewe huniambia. Umelenga mkulima au kikundi cha kijiji Tanzania, na mengi yanafaa Kenya pia. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako, lakini kwanza beba jembe, kisu, futi ya fundi cherehani, kamba, na daftari lenyewe. Dawa iache nyumbani. Sijawahi kuona shamba lililopona kwa dawa iliyonunuliwa kabla ya kujua ugonjwa.

"Tulipanda vizuri, imekufa kabla ya mwaka"

Imekufa mingapi? Karibu kila mtu hujibu "mingi", na "mingi" haitibiki. Kata kamba ya mita 5.64, funga ncha moja kwenye kijiti, zunguka nayo. Duara hilo lina mita za mraba 100. Kama ulipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ndani yake panatakiwa miti 11. Fanya maduara kumi yaliyosambaa shamba zima, juu mlimani na chini bondeni, usichague penye miti mizuri. Jumlisha iliyo hai, gawanya kwa 110. Ukipata 0.7, asilimia 70 imepona, na tatizo lako ni dogo kuliko unavyodhani. Ukipata 0.3, endelea kusoma.

Sasa ng'oa miche sita iliyokufa, kwa jembe, taratibu, pamoja na udongo wake. Mche uliokufa hauna aibu, ukiufukua utakuambia kila kitu.

Ukikuta mizizi imebaki na umbo la kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche), imejizungusha chini kama kamba iliyoviringwa, mche ulikaa kitaluni muda mrefu mno. Kuna wakati utakuta kiriba chenyewe bado kipo. Usicheke, nimekikuta mara nyingi, hasa pale wanafunzi mia mbili walipopewa saa moja ya kupanda ekari nzima. Kwa miche ya msimu ujao iliyokwisha kujizungusha, kata sentimita 2 za chini kwa kisu kikali na uchane ubavuni kabla ya kupanda. Na ile iliyo hai shambani yenye mizizi ya namna hiyo usiihesabu kuwa salama. Huwa inaanguka kwa upepo ikifika miaka mitatu au minne, wakati umeshaisahau.

Mzizi mkuu ukiwa umepinda kama ndoana, shimo lilikuwa fupi. Mpandaji aliuchomeka, ukagota, akaukunja.

Mizizi ikiwa mizuri, myeupe, lakini hata mmoja haujatoka nje ya donge la udongo wa kitaluni, mche ulipandwa mvua ikiwa imeshaanza kuaga. Hiki ndicho chanzo ninachokikuta kuliko vyote. Iringa, Njombe na kwingine kwenye msimu mmoja wa mvua, mche wa Desemba au mapema Januari unapata miezi mitatu au minne ya kusambaza mizizi, ule wa katikati ya Machi unapata wiki chache. Penye vuli na masika, kama Tanga na Kilimanjaro, tegemea masika. Kipimo hakiko kwenye kalenda, kiko ardhini. Chimba, na unyevu ukifika sentimita 30 chini, panda siku hiyo hiyo. Wengi wanajua hili, lakini wanamsubiri mgeni rasmi. Mgeni akichelewa wiki tatu, miche ndiyo inayolipa. Ushauri wangu ni mmoja: pandeni yote, mwachieni mheshimiwa mashimo kumi karibu na barabara.

Ukikuta gome limeliwa usawa wa ardhi na vijia vya udongo vimepanda kwenye shina, utasema mchwa. Subiri kidogo. Pasua mzizi. Ukiwa mkavu na kahawia hadi ndani, na mchwa wako nje tu kwenye gome, basi walikuja matangani, hawakuua. Mchwa humfuata mche uliokwisha kudhoofika. Wauaji wa kweli huwapo zaidi kwenye mikaratusi michanga sehemu kavu, nao hukata mzizi ukiwa bado na maji. Hapo ndipo inafaa kubadili aina ya mti, au kuondoa matandazo yanayogusa shina. Matandazo yaache umbali wa kiganja.

Shina lililokatwa kwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni panya au sungura. Ncha zilizochanwachanwa ni mbuzi, na hiyo ni kazi ya kikao cha kitongoji, si ya dawa.

Ukiikuta miche yote imezama kwenye nyasi za kiunoni, hakuna haja ya kung'oa. Nyasi hunywa maji kabla ya mche. Palilia duara la mita 1 kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu mwaka wa kwanza. Bajeti za upandaji miti huwa na fungu la miche, la usafiri, la fulana na la chakula cha wageni. Fungu la palizi ndilo husahaulika, na ndilo linaloamua.

Kujazia mapengo kunafaa msimu unaofuata tu. Ukijazia mwaka wa tatu, mche mpya utakaa kivulini mwa wenzake na hautawafikia. Na iliyo hai ikiwa chini ya asilimia 40, mimi sijazii aina ile ile mpaka nijue kama ule mti unapapenda pale mahali.

"Haifi, lakini haikui"

Misindano michanga iliyodumaa, majani yamegeuka njano au zambarau, mwaka mzima haijaongeza hata kiganja: mara nyingi imekosa kuvu rafiki wa mizizi yake. Msindano ni mgeni Afrika Mashariki, na kuvu huyo hayumo katika udongo ambao haujawahi kuwa na misindano. Dawa yake haiuzwi dukani. Chukua udongo wa juu kutoka chini ya misindano mikubwa yenye afya, uchanganye kwenye udongo wa viriba. Wazee wa vitalu wanaijua siri hii toka zamani, ila vitalu vipya vya miradi ya kaboni vinaigundua upya kila mwaka.

Mikaratusi inayokufa ncha kila kiangazi na kuchipua pembeni mvua zikija, ikawa kama kichaka, ina uwezekano mkubwa wa kukosa boroni. Mtaalamu wa udongo athibitishe, kisha boraksi kidogo hutosha. Kidogo kweli, kwa sababu ikizidi inaua. Ukiona vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, huyo ni nyigu mdogo kuliko mbu aliyeingia kanda yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miche ya vipandikizi kutoka aina zinazomvumilia ndiyo njia, kupuliza dawa msitu mzima ni kutupa hela.

Vilevile uliza mbegu zilitoka wapi. Mbegu zilizookotwa chini ya mti mmoja uliosimama peke yake nyuma ya shule hutoa watoto wa ndugu kwa ndugu, nao hukua hivyo hivyo, kwa kusuasua.

"Mikoko tunapanda kila mwaka, kila mwaka inaondoka na maji"

Hapa tatizo karibu kila mara ni mahali. Watu wa pwani wanazo aina zao kwa majina, na kila moja ina kiti chake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe na muia, kisha mkandaa, na mchu, ambao haubagui sana, unaukuta mbele na unaukuta tena nyuma kabisa penye chumvi kali. Mkomafi na kikandaa hukaa juu, maji yanakofika kwa nadra. Mradi ukija na lengo la miche laki moja, huchukua mbegu za mkoko kwa kuwa ni ndefu, ni rahisi kuokota na zinachomekwa tu kwenye tope. Kisha huzichomeka kwenye tambarare tupu mbele ya mililana, au juu ya majani ya bahari, kwa sababu pale hapana mwenye shamba. Maji makuu ya kwanza yanazibeba.

Kabla ya kuchomeka hata moja, jiulize kama hapo paliwahi kuwa na mikoko. Tafuta visiki, waulize wavuvi wazee. Kama haikuwahi kuwapo, bahari ina sababu zake, na kwa kupanda pale unaua pia majani ya bahari ambayo nayo yanahifadhi kaboni. Kama iliwahi kuwapo, uliza nini kiliiondoa. Ikiwa ni shoka tu, kupanda kutafaulu, na pengine mbegu zitakuja zenyewe. Ikiwa mkondo uliziba, kwa barabara, kwa mabwawa ya chumvi au kwa mchanga, fungua mkondo kwanza. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, mikoko ikafa ikiwa imesimama. Mche mpya juu ya tope la namna hiyo unaupanda kaburini.

Mbegu zinazokatwa na kaa usiku ule ule ulioziotesha, zianike kivulini siku chache kwanza, kaa hupungua hamu. Na chagua zilizokomaa, zenye pete ya njano shingoni. Mbichi huoza.

Watu hunitajia Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, kama mfano wa kupanda mikoko na kuuza kaboni. Mfano ni mzuri, lakini usomwe vizuri. Mradi wa pale, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza kredi (tani za hewa ukaa zilizothibitishwa) mwaka 2013 chini ya kiwango cha Plan Vivo, yaani kanuni ambazo mradi hukaguliwa nazo, kwa hekta 117, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na hela zimepeleka maji na kusaidia shule Gazi na Makongeni. Ila sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili uliokuwapo tayari na ukalindwa. Iliyopandwa ni sehemu ndogo. Kikundi kinachoanza na tope tupu kikitegemea mapato ya Gazi mwaka wa tatu, kinalinganisha mwanafunzi wa chekechea na mhitimu. Kaboni ya mikoko kwa wingi iko kwenye tope chini yake, na tope hilo lilichukua karne kujilimbikiza.

"Miti imeshika vizuri, ila kisima kimekauka"

Mmepanda mikaratusi kwenye kinyungu (bustani ya bondeni penye maji) au kando ya chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka shughuli kama hizo zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji, kwa hiyo kabla ya kubishana na jirani pima hizo mita. Iliyo ndani ya 60 ing'olewe, kisiki kisiachwe kichipue. Na kama ardhi ilikuwa oevu, nyeusi na laini kama mboji, mlipoikausha kwa mifereji ili mpande, kaboni iliyokuwa imelala humo imeanza kutoka. Shamba la aina hiyo linaweza kuwa linatoa hewa ukaa miaka yote ambayo miti inakua, na daftari likawa linasema kinyume.

"Miti ipo, tani hazipo"

Hii ndiyo simu ndefu kuliko zote, na mara nyingi mpigaji ana hasira. Mwambie akae, afungue daftari.

Anza na hesabu yenyewe. Mti ukikaushwa ukatolewa maji yote, karibu asilimia 47 ya uzito unaobaki ni kaboni. Na kaboni si hewa ukaa. Kila kilo 1 ya kaboni ndani ya mti ilitoka kwenye kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa hewa hiyo ni oksijeni. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 100 una kaboni kilo 47, sawa na kilo 172 hivi za hewa ukaa. Ukisahau kuzidisha kwa 3.67, umejipunja. Ukizidisha mara mbili, kwa kuwa jedwali ulilotumia lilishazidisha, mkaguzi atakukata, na atakuwa na haki.

Kosa linalofuata ni maji. Kilo za gogo bichi si kilo kavu, kwa kuwa karibu nusu ya gogo bichi ni maji. Kuna kikundi kilipima magogo yake kwa mizani ya pamba, wakaandika kilo hizo hizo. Tani zao zilipukutika nusu kwa siku moja, na hakuna aliyewaibia.

Kosa la tatu ndilo ninalolipenda, kwa jinsi lilivyo jepesi kutokea. Fomula nyingi zinataka kipenyo cha shina kwenye urefu wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Futi ya fundi cherehani hupima mzingo. Mzingo ugawe kwa 3.14 ndipo upate kipenyo. Mtu akisahau kugawa, mti wa sentimita 10 anauandika 31, na kwa kuwa uzito wa mti hupanda kwa kasi kuliko kipenyo chake, mti mmoja wa daftarini unageuka zaidi ya 17 ya shambani. Kwa hiyo ukiona kijiji kina tani za kutisha mwaka wa nne, usiwapongeze bado, omba futi. Penye mteremko simama upande wa juu wa mti. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kama miti miwili.

Baada ya hapo rudi kwenye maduara yako ya kamba. Chukua shamba la hekta 1, mita 3 kwa 3, mashimo 1,111. Tuseme kwa mfano tu kwamba mwaka wa tano kila mti umefikisha kilo 40 kavu. Daftari la mashimo linasema tani 76 na kitu za hewa ukaa. Iliyopona ikiwa asilimia 60, ni tani 46. Tofauti ya tani 30 haikuibwa na mtu, haikuwahi kuwapo. Hapo ndipo ninaporudi kwa yule aliyeandika "miti" siku ya kupanda.

Bado kuna makato. Kama mlifyeka vichaka au miombo michanga ili mpande misindano, kaboni ya vichaka hivyo inatolewa kwenye hesabu yenu. Viwango vikubwa vya kuthibitisha kredi, kama VCS, kwa kawaida havipokei kabisa ardhi iliyoondolewa uoto wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi, na kuna vikundi viligundua hilo baada ya kufyeka. Kama wakata kuni wamehamia msitu wa jirani kwa kuwa shamba lenu limefungwa, hicho nacho hukatwa, ni kaboni iliyovuja upande wa pili wa uzio. Kisha sehemu ya kredi huwekwa akiba kama bima ya moto na magonjwa, nayo hamuiuzi. Na kama shamba lote lililimwa kwa trekta badala ya kuchimbwa mashimo tu, udongo umeanza kupoteza kaboni yake siku ile ile.

Jambo la mwisho kwenye sehemu hii ni muda. Miaka mitatu ya kwanza mti una uzito mdogo mno, hata ukiwa mrefu kukupita. Nani aliwaonyesha mchoro wa mapato unaopanda kama ngazi toka mwaka wa kwanza? Mrudishieni. Mti haupandi kwa ngazi, hujivuta, ukakimbia, ukatulia.

Kwa upande wa mnunuzi kuna kipimo ninachowapa vijana wanaponiuliza kama miti inafuta kweli moshi wa magari. Lita 1 ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Ule mti wetu wa kilo 100, uliochukua miaka kujenga mwili, ni lita 64 hivi. Tangi la Land Cruiser bado halijajaa. Dizeli inaungua leo, mti unameza polepole, na mti wenyewe unaweza kuungua. Ndiyo maana kampuni ikitangaza imefuta moshi wake wote kwa sherehe moja ya miche 500, mimi huuliza imepunguza lita ngapi kwanza.

"Moto umepita"

Usikate kitu wiki ya kwanza. Kwangua gome kwa kisu kwenye shina, pande nne. Ukikuta kijani na unyevu kuzunguka zaidi ya nusu, mti unaweza kupona, na kahawia pande zote ni mfu. Mikaratusi iliyoungua ikate kisiki kifupi, karibu sentimita 10, itachipua, baadaye ubakize machipukizi mawili au matatu. Msindano wa patula hauchipui, ukifa umekufa.

Chanzo? Nyanda za Juu Kusini moto wa Septemba hadi Novemba mara chache hutoka angani. Ni shamba la jirani linalosafishwa, mrina asali, watoto wanaowinda panya, au mtu aliyepokonywa malisho na shamba lenu. Wa mwisho hazuiwi na barabara ya moto yenye upana wowote. Nimeona shamba lililochomwa miaka miwili mfululizo likaacha kuchomwa mwaka wa tatu, na kilichobadilika ni kwamba wafugaji walipewa njia ya ng'ombe na haki ya kukata nyasi humo ndani. Nyasi zilipungua, na hasira nazo.

Hasara iripotiwe mapema kwa msimamizi wa mradi. Akiba ya bima ipo kwa ajili hiyo, na mkaguzi anayekuta majivu yasiyoripotiwa hataamini kitu kingine chochote kwenye daftari.

"Tani zimethibitishwa, hela hazijafika"

Hapa jembe halisaidii, soma mkataba. Angalia mambo manne: nani ameandikwa kuwa mwenye kredi, gharama za uthibitisho na uhakiki zinatolewa kabla au baada ya mgawo, mgawo ni asilimia ya nini hasa, na mkataba unafungwa kwa miaka mingapi. Mzee wa miaka 60 anayesaini miaka 40 anawasainia wajukuu, nao waitwe kwenye kikao. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na usajili hupitia kituo cha taifa cha kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Mradi usiojulikana pale una maswali ya kujibu. Kenya, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhi ipeleke angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Dalali anayekwepa kuyajibu hayo manne mbele ya mkutano wa kijiji, mpe chai, mpe nauli.

"Tumepanda mara tatu, imekufa mara tatu"

Basi acheni kupanda. Nasema hivi nikijua naharibu bajeti ya mtu.

Tembeeni shambani kiangazi mkitazama chini. Sehemu kubwa ya Dodoma, Singida, Shinyanga, hata Kitui ya Kenya, ardhi mnayoiona tupu ina visiki vilivyo hai, mizizi yake iko chini tangu enzi za babu, na kila mwaka vinachipua na kuliwa na mbuzi au kulimwa. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zikaenea hadi zaidi ya hekta 300,000, kwa sehemu kubwa bila kununua kiriba. Dodoma leo njia hii ya kutunza visiki wanaiita kisiki hai.

Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kila kisiki, kata mengine kwa panga kali karibu na shina, pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, kisha funga kitambaa cha rangi ili mlimaji na mchungaji wajue hicho kina mwenyewe. Rudi baada ya miezi mitatu kutoa machipukizi mapya. Kwenye daftari vipe visiki safu yake, "visiki vilivyotunzwa", usivichanganye na miti iliyopandwa, na pima mzingo wa machipukizi uliyoyabakiza siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla hayajaanza kunenepa, maana hapo ndipo mkaguzi ataanzia kuhesabu.